Mstari ule wa ukurasa wa pili

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaochanganya herufi. Tutaendelea, msiwe na wasiwasi. Lakini leo tunaweka daftari za shule pembeni, sababu kuna jambo limetukaa rohoni kwa miezi mingi, na mwenye jambo hilo ametukubalia tuliandike. Alituomba kitu kimoja tu, tusitaje jina lake. Tutamwita Mama Mapasa, ingawa mapasa hakuzaa.

Mama Mapasa ni mwenzetu katika chama. Ana miaka 47 na anauza unga wa muhogo sokoni Kadutu. Mwaka jana alikohoa wiki kwa wiki, usiku hasa, mpaka majirani wakaanza kunong'ona kwamba ni kifua kikuu. Walimpima makohozi mara mbili, hawakukiona. Wakampiga radio ya kifua, wakaona kivuli juu ya pafu la kuume. Daktari akasema radio haitoshi, aende kwenye skaneri. Feza za skaneri hakuwa nazo. Bei yake ilipita mshahara wetu sisi wa mwezi, basi fikirini muuza unga. Tukafungua sanduku la MUSO, wamama wakaongeza, mmoja akatoa hata feza alizokuwa ameweka za kikwembe cha harusi ya mdogo wake, na Mama Mapasa akapita kwenye skaneri.

Jioni ya siku ile alikuja nyumbani kwetu na bahasha kubwa. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa tunasahihisha mitihani kwa taa ya simu. Akasema: "Mwalimu, nisomee." Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili, maandishi madogo. Sisi tuliosoma ISP, sisi tunaowaambia watoto kila siku wasome swali mpaka mwisho kabla ya kujibu, tulifanya nini? Tulirukia chini kabisa, penye neno "Conclusion". Palikuwa na mistari miwili: kovu la ugonjwa wa zamani juu ya pafu la kuume, hakuna dalili ya ugonjwa unaoendelea. Tukamwambia: "Mama, mapafu yako ni mazima. Ni kovu la zamani tu." Akapiga vigelegele humo humo gizani. Tukanywa chai. Bahasha ikaenda kulala ndani ya sanduku lake la nguo, na kikohozi, kwa dawa alizopewa, kikaisha.

Miezi mitano ikapita.

Kiisha ukafika wakati wa kufunga hesabu za MUSO. Mtunza sanduku alidai ushahidi wa kila feza iliyotoka, na Mama Mapasa akamtuma binti yake atuletee bahasha yote jinsi ilivyo. Tulikuwa tunatafuta risiti. Risiti ilikuwa imekunjwa ndani ya karatasi ya ripoti, na tulipoikunjua macho yetu yakaangukia katikati ya ukurasa wa pili, juu kidogo ya ile "Conclusion". Baada ya habari za moyo, ini na mifupa, palikuwa na mstari mmoja: "Nodule du sein gauche, 17 mm, de découverte fortuite. À compléter par échomammographie."

Kwa Kiswahili: kuna kivimbe katika titi la kushoto, cha milimita 17, kilichoonekana bila kutafutwa. Inafaa kukikamilisha kwa ekografi na mamografi ya titi.

Hatukulala usiku ule. Asubuhi tuliomba mwenzetu ashike darasa letu, tukashuka Kadutu. Tulimkuta anapima unga. Tulipomwambia, aliendelea kupima mpaka mteja alipoondoka, kisha akasema: "Mwalimu, si wewe ndiye ulinisomea?" Hatukuwa na jibu. Siku mbili hakupokea simu yetu.

Tunaandika haya kwa sababu tumeuliza, na tumeona kwamba kosa letu si la ajabu. Hata daktari aliyeomba skaneri alitazama mapafu, maana mapafu ndiyo aliyoyauliza. Yule aliyesoma picha aliona titi, akaliandika, lakini hakulirudia katika maneno ya mwisho. Kila mmoja alifanya sehemu ya kazi yake, na mstari ukabaki hapo kati, hauna mwenyewe. Mgonjwa ndiye alikuwa na karatasi mkononi, naye alikuwa amesomewa nusu.

Sasa wengi watauliza: skaneri ya mapafu imeonaje titi? Jibu ni rahisi. Mashine inazunguka kifua kizima na kukipiga picha vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Titi liko juu ya kifua, basi linakatwa pamoja na vingine. Mtu anayepigwa skaneri ya kifua juu ya kikohozi, au juu ya ajali ya pikipiki, au juu ya moyo, amepigwa matiti pia bila kuomba. (Mashine hii tunaipenda kwa sababu nyingine. Mgonjwa wa kwanza alipimwa nayo London mwaka 1971, kwa kazi ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza hesabu zake alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Wanafunzi wetu wakiuliza hesabu ni za nini, tunawapa mfano huo.)

Ila picha hiyo, nzuri ilivyo, haikutengenezwa kwa ajili ya titi. Inaona kwamba kitu kipo, na mara nyingi inaona umbo lake. Kama kimezunguka vizuri, ukingo laini, au kimejaa maji, au kina chokaa nene ndani yake kama mbegu ya mahindi iliyopasuka motoni, hiyo inaelekea upande wa amani. Kama ukingo wake una miiba miiba, kama kinang'aa sana baada ya dawa ile ya kuchoma katika mshipa, kama ngozi imenenepa au chuchu imevutwa ndani, kama kuna tezi zilizovimba kwapani, hapo mwenye kusoma picha anakunja uso. Lakini "inaelekea" na "kukunja uso" si jibu. Tena kuna chembe ndogo sana za chokaa ambazo mamografi inaziona na skaneri haizioni. Kwa hiyo daktari mwenye busara hasemi "ni kansere" kwa skaneri ya kifua, wala hasemi "si kitu". Anasema: tutazame titi kwa vyombo vya titi.

Hapa ndipo wamama wanapoanguka katika mashimo mawili, na yote tumeyaona ndani ya chama hiki kimoja. Shimo la kwanza ni letu na la Mama Mapasa, kutokuona au kupuuza. Shimo la pili lilimpata dada mwingine, mdogo kuliko Mama Mapasa, ambaye baada ya ajali ya pikipiki skaneri ilimkuta na kivimbe katika titi la kuume. Yeye aliusoma mstari siku ile ile, maana alisoma. Alipoona neno "nodule" akawaita dada zake, akagawa vikwembe vyake, akaacha kula. Wiki tatu hakurudi kwa daktari. Akaenda kwa mtu wa maombi, akaenda kwa mtu wa majani, akapakwa kitu kilichomchubua ngozi. Alipokubali ekografi, walikuta fibroadenoma, uvimbe usio kansere ambao wasichana na wamama vijana wanao sana. Sindano ikathibitisha. Kile kilichomletea kidonda kilikuwa majani.

Vivimbe vingi vinavyokutwa hivi si kansere. Kuna fibroadenoma, kuna vifuko vya maji, kuna tezi ndogo za kawaida zilizo ndani ya titi, kuna kovu la jipu la zamani la wakati wa kunyonyesha, kuna mafuta yaliyoumia baada ya kugongwa. Huku kwetu madaktari wanakumbuka hata kifua kikuu cha titi, ingawa ni nadra. Lakini sehemu yenye kansere si ndogo, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama uso wa mama yuko upande gani.

Basi njia ikoje? Tuliipita na Mama Mapasa hatua kwa hatua, tutawasimulia tulivyoiona.

Siku ya tatu alipokea simu. Siku ya tano tulikuwa naye kwa daktari. Kwanza alimwuliza maswali: mara ya mwisho kuona mwezi, watoto wangapi, alinyonyesha, kuna mtu wa ukoo aliyepata kansere ya titi au ya mfuko wa mayai. Kisha akamtazama akiwa ameketi, mikono chini, mikono juu, akalinganisha matiti yote mawili. Kisha akamlaza, mkono nyuma ya kichwa, akagusa polepole mpaka kwapani na juu ya mfupa wa shingo. Mama Mapasa alikuwa amejigusa nyumbani siku zote zile, hakuona kitu. Kivimbe kilikuwa chini ndani, karibu na kifua, na titi lake ni kubwa. Daktari alikipata alipomlaza tu. Wamama mnaosema "nimejigusa, hakuna", sikieni hapo. Vidole vyetu ni vizuri lakini havifiki kila mahali. Kama picha imesema kuna kitu na vidole vimesema hakuna, picha ndiyo inafuatwa.

Kisha ekografi. Hiyo mnaijua, ni ile ile ya mimba, na haina mionzi. Inaonyesha haraka kama ni mfuko wa maji au ni nyama. Kwa mama kijana, na kwa mwenye mimba au anayenyonyesha, wanaanza nayo. Kwa mwenye miaka 40 na zaidi wanataka na mamografi pia, ambayo ni radio ya titi: titi linabanwa kati ya sahani mbili, linapigwa picha kutoka juu na kutoka pembeni. Mama Mapasa alisema inauma kama mlango uliokubana kidogo, halafu inaisha. Na titi la pili pia linapigwa, hata kama mstari ulitaja moja tu. Vyombo hivi vya mamografi ni vichache katika nchi yetu. Daktari alituambia wazi: kama mamografi iko mbali na ekografi iko karibu, anza na ekografi, usikae nyumbani unangoja chombo kikubwa.

Kwenye ripoti ya titi mtaona herufi ACR na namba. Hiyo inafaa mama ajue kuisoma, sababu ni kama pointi za shule, lakini hapa pointi ikipanda si furaha. ACR 1, hakuna kitu. ACR 2, kuna kitu lakini ni cha amani. ACR 3, karibu hakika ni cha amani, hatari yake haipiti 2 kwa mia, na wanamwambia mama arudi baada ya miezi 6, kisha wanaendelea kufuata mpaka miaka 2 hivi. ACR 4, kuna mashaka, inaombwa sindano. Hii ya nne ni pana mno, toka 2 kwa mia hadi 95 kwa mia, kwa hiyo usisikie "nne" ukaanza kulia, wala usicheke. ACR 5, mashaka makubwa sana. ACR 6 ni ya mtu ambaye kansere yake imekwisha thibitishwa. Na ACR 0 haina maana ya sifuri, ina maana kazi haijakamilika, waongeze picha. Dada mmoja alituonyesha ACR 0 akishukuru Mungu. Tulimrudisha hospitali siku ile ile.

Mama Mapasa alipata ACR 4.

Jioni ile tulikaa nyumbani kwake pamoja na mume wake. Baba huyo si mtu mbaya, tunamheshimu. Alisema: "Mwalimu, kitu hakimuumi. Juu ya nini tukichokoze? Nimesikia sindano ndiyo inaisambaza." Maneno hayo tunayasikia kila mahali, hata katika chumba cha walimu, kwa watu wenye diplome kama zetu. Basi tuliyapeleka kwa daktari jinsi yalivyo, mbele ya baba mwenyewe. Daktari hakumcheka. Alisema kansere ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, na kwamba maumivu mengi ya titi yana sababu nyingine, kwa hiyo kutouma si ushahidi. Juu ya sindano alisema watu wanaona mama anachomwa leo, baada ya mwaka anakufa, wanasema sindano imemwua. Kumbe alichomwa akiwa amechelewa. Sindano haiipeleki kansere mwilini mwote. Inachofanya ni kumpa daktari jina la ugonjwa, na bila jina hakuna dawa inayofaa kuandikwa.

Biopsi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kulipa. Wanachoma dawa ya ganzi, wanaongoza sindano kwa ekografi, inalia kama kibiriti cha gesi, inatoa kipande chembamba kama uzi mnene. Wakachukua vipande kadhaa, wakavitia katika kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Alirudi nyumbani siku ile ile na kibandiko. Kilichokuwa kirefu ni kungoja. Madaktari wanaosoma nyama kwa darubini ni wachache sana huku, na kichupa kinaweza kusafiri mbali. Tuliandika namba ya kichupa, tarehe, na jina la mtu aliyekipokea, na kila Jumatatu tulipiga simu. Fanyeni hivyo, msione haya. Kichupa kinachoulizwa hakipotei kirahisi.

Daktari alituambia jambo lingine lililotushangaza. Jibu la sindano linalinganishwa na picha. Kama picha ilikuwa mbaya sana na sindano inasema "hakuna kitu", hawafurahi haraka, wanarudia, maana sindano inaweza kukosa mahali.

Jibu lilikuja wiki ya tatu. Ilikuwa kansere.

Tuliisoma sisi tena, kurasa zote, kila neno, kwa sauti, huku mume wake ameshika taa. Chini waliandika pia vipimo vinavyoonyesha kama uvimbe unalishwa na homoni za mwili, maana dawa inachaguliwa kwa kufuata hivyo. Tezi za kwapani kwenye ekografi zilionekana safi. Kwenye skaneri kivimbe kilikuwa cha milimita 17. Kwenye ekografi, miezi mitano baadaye, kilikuwa cha milimita 22. Daktari alituonya kwamba mashine mbili hazipimi sawasawa, hatuwezi kusema milimita tano zote ni kukua. Tulimshukuru kwa neno hilo, lakini hesabu ile tunaifanya bado usiku.

Shirika la Afya Duniani lina mpango juu ya kansere ya titi ulioanzishwa mwaka 2021, na ndani yake limeweka lengo kwamba toka mama anapofika kwa mwenye kutibu hadi ajue ugonjwa wake zisipite siku 60. Sisi tulikuwa tumepoteza kama 150 kabla hata ya kuanza kutembea. Mwaka 2022, kwa hesabu za shirika hilo hilo, wanawake milioni 2.3 duniani walikutwa na kansere hii, na 670,000 walikufa kwayo. Kinachotuuma katika Afrika ni kwamba wengi wanafika wakiwa wamechelewa, na wengi ni wa umri mdogo, wenye watoto bado mgongoni. Mama Mapasa alipewa nafasi ambayo wengi hawapewi. Kikohozi kilimpeleka kwenye mashine iliyoona kitu kidogo ambacho vidole havikukiona. Na nafasi hiyo ilikunjwa pamoja na risiti ndani ya sanduku la nguo.

Amepasuliwa. Sasa yuko katika dawa za shimio, nywele zimekwisha, anafunga kitambaa, na siku mbili kwa juma anaketi sokoni huku binti yake akibeba magunia. Kuna siku anacheka, kuna siku hataki mtu. Feza zinatutesa. MUSO imetoa, kanisa limetoa, mume ameuza pikipiki. Hatutadanganya kwamba tunajua itakavyokwisha.

Wengine wameanza kutuuliza: basi, tuombe wote skaneri ya kifua ili tutazamwe matiti? Hapana, hapana kabisa. Skaneri ina mionzi mingi kuliko radio, inakula feza, na si chombo cha kutafutia kansere ya titi. Tunachosema ni kwamba yule aliyekwisha kupigwa, juu ya sababu nyingine yoyote, asiiache karatasi yake bila kusomwa yote. Na wale waliopigwa radio ya kawaida, wajue radio haionyeshi titi vizuri. Inaweza hata kuchanganya: chuchu yenyewe mara nyingine inatokea kama kitu cha mviringo juu ya pafu, mpaka wanabandika alama juu ya chuchu na kupiga tena. Mama mmoja wa Bagira alituambia aliogopeshwa wiki nzima na chuchu yake mwenyewe.

Na wababa mnaosoma gazeti hili kwa kujificha (tunajua mpo), titi la mwanaume pia linapata kansere, ingawa ni kati ya nusu na 1 kwa mia ya kansere zote za titi. Wanaume wengi wakivimba chini ya chuchu ni tezi tu iliyokua, kwa umri au kwa dawa fulani. Lakini mstari ukitokea kwenye karatasi ya baba, nao unafuatwa kwa ekografi na sindano kama wa mama.

Tuliuliza daktari mama afanye nini akiwa mbele ya dirisha la matokeo. Alisema aulize kwa mdomo wake: "Kuna kitu kingine mlichoona nje ya kile mlichotafuta?" Swali hilo moja, kwa Kiswahili, linatosha. Kisha adai karatasi yake na picha zake, hata za miaka ya nyuma, sababu kivimbe kilichokuwepo miaka kadhaa bila kubadilika kinasomwa tofauti na kilichozaliwa mwaka huu. Na maneno ya kutafuta katika Kifaransa ni machache: "sein", "mammaire", "nodule", "masse", "opacité", "axillaire", ambalo ni kwapa, na hasa "découverte fortuite" na "à compléter". Yakatwe na kubandikwa mlangoni ukitaka. Sisi tumeyabandika ndani ya kifuniko cha daftari la MUSO.

Chama kimekubali jambo moja katika mkutano uliopita, na mtunza sanduku ameliandika: kila feza itakayotoka kwa ajili ya skaneri, ripoti inarudi na kusomwa yote na watu wawili, mmoja asiwe sisi.

Alhamisi hii tutakuwa katika chumba cha mikutano toka saa tisa, baada ya masomo. Pamoja nasi atakuwepo dada muuguzi, na chai ipo. Mwenye karatasi ya skaneri nyumbani, ya mwaka huu au ya zamani, yake au ya mama mkwe, ailete. Alete kurasa zote, na zile zilizokunjwa ndani ya risiti.